Kamera ya Kazini: Uliza Mapema, Mashine Haikusubiri

Nafunga kamera za CCTV, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Nimefunga kwenye maduka ya Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya, magodauni ya mbao Mafinga, nyumba za wageni Tukuyu, na maghala ya kupakia parachichi upande wa Njombe. Karibu kila ninapomaliza, wakati nafunga ngazi kwenye pikipiki, hutoka mfanyakazi mmoja nyuma yangu, akaangalia kama bosi hayupo karibu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Samahani fundi, hivi inasikia pia?"

Swali hilo alipaswa kulijibu mwajiri wake kabla mimi sijatoboa tundu la kwanza ukutani. Kwa kuwa mara nyingi halijibiwi, naandika hapa ninayoyajua, ya ufundi na ya sheria, kwa ajili ya keshia, mtunza stoo, mhudumu wa hoteli na mchuma chai anayepita getini chini ya kamera kila alfajiri. Sheria sikuisomea darasani. Niliitafuta na kuisoma kwa sababu ya kijana mmoja nitakayemweleza mbele, na kwa sababu ya kamera moja niliyoifunga kwa mikono yangu mahali ambapo sikupaswa kuifunga.

Itazame kwanza

Usianze na ugomvi. Chukua siku mbili tatu, ukiwa kwenye shughuli zako za kawaida, uhesabu kamera zilizopo na uandike kwenye daftari lako kila moja iko wapi na imeelekea wapi. Inayotazama droo ya pesa inajieleza. Inayotazama kibaraza mnachokaa kula ugali mchana inahitaji maelezo.

Kamera nyingi huona gizani kwa taa ambazo jicho la binadamu halizioni. Usiku, fungua kamera ya mbele ya simu yako na uielekeze kule. Ukiona kwenye skrini vitone vyeupe au vya zambarau vinawaka kuzunguka kioo chake, inafanya kazi. Usipoviona usihitimishe kwamba ni kasha tupu, maana si kila simu inaonyesha.

Sasa lile swali la kusikia. Kamera nyingi za zamani za waya, zile za kebo nene, hazina kipaza sauti. Zile ndogo za intaneti zinazogeuza shingo, zinazouzwa kwa bei rahisi, nyingi zinacho, na nyingine zina hata spika ya bosi kukusemesha akiwa mbali. Kuwasha au kuzima sauti ni suala la kubonyeza mara moja kwenye mipangilio. Kwa hiyo kuitazama kamera kutoka chini hakukupi jibu kamili. Inabidi uulize, na ujibiwe kwa maandishi. Mimi nikifunga huiacha sauti imezimwa, na bosi akitaka niiwashe namwomba aniambie sababu. Bado sijasikia sababu iliyonishawishi. Mali inalindwa kwa kuonwa. Sauti inanasa dada wa kaunta akimwambia mwenzake kwamba ana mimba, au mtu akiongea na mama yake mgonjwa aliye Kyela.

Nani anaangalia?

Watu wengi huogopa kamera wakasahau kumuulizia anayeitazama. Picha haziishii kwenye skrini ya ofisini. Nikimaliza kufunga, mwenye mali hutaka aone duka lake akiwa Dar es Salaam, nami namwekea programu kwenye simu. Baada ya mwezi anampa paswedi mdogo wake, kisha mhasibu, kisha shemeji. Nimewahi kufungua mashine ya kurekodi, ile inayohifadhi picha za kamera zote, nikakuta meneja aliyeacha kazi mwaka mzima uliopita bado anaingia kwa simu yake na kuwatazama wasichana wa kaunta. Hakuna aliyekumbuka kubadilisha paswedi. Niliibadilisha palepale mbele ya mwenye duka, na wale wasichana nikawaambia, kwa sababu walistahili kujua.

Kwa hiyo unapouliza, usiishie kwenye "kamera ziko ngapi". Uliza ni nani wana ruhusa ya kuingia, wakiwemo walio nje ya mkoa, na paswedi ilibadilishwa lini mara ya mwisho.

Sheria inakupa nini mkononi

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Huo ndio msingi. Iliyo karibu zaidi na kamera ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chini yake ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024, na ndiyo inayopokea malalamiko.

Picha yako inayokutambulisha ni taarifa binafsi. Anayeikusanya, hata akiwa ni mwenye duka la rejareja Ilomba, ana wajibu. Anatakiwa awe na madhumuni halali na ya wazi, akueleze madhumuni hayo, akusanye kinachotosha tu kwa kazi hiyo, asikae nacho kuliko inavyohitajika, na akilinde kisivuje. Wewe una haki ya kujua ni taarifa gani zako zinachakatwa, yaani zinakusanywa, kutunzwa na kutumiwa, kwa ajili ya nini na wanapewa akina nani. Unaweza pia kupinga uchakataji unaokuletea madhara. Alama za vidole, zile mnazobonyeza asubuhi kuonyesha mmefika, zimo kwenye kundi la taarifa nyeti lenye masharti makali zaidi.

Nisikudanganye: sheria haimkatazi mwajiri kufunga kamera. Wizi upo, na nimeona maduka yaliyofilisika kwa ajili yake. Mfanyakazi anayesema "sitaki kamera kabisa" atashindwa. Anayesema "naomba kujua hii ni ya nini na nani anaitazama" ana sheria mgongoni.

Barua

Andika kabla hakujatokea tatizo. Barua iliyoandikwa siku ya amani inapokelewa tofauti na iliyoandikwa siku ya tuhuma. Iwe fupi na ya heshima. Hii nimewasaidia watu kadhaa kuiandika:

*YAH: KUOMBA MAELEZO KUHUSU KAMERA ZILIZOPO KAZINI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyakazi wa kaunta katika ofisi yako. Kwa heshima naomba kuelezwa kwa maandishi kuhusu kamera zilizofungwa mahali pa kazi: zimefungwa kwa madhumuni gani, kama zinarekodi sauti, ni nani wana ruhusa ya kutazama picha, wakiwemo walio nje ya ofisi, picha huhifadhiwa kwa siku ngapi, na kama zitatumika katika masuala ya nidhamu. Naomba haya kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Natanguliza shukrani.*

Chapa nakala mbili. Moja mpe meneja, nyingine asaini au agonge muhuri wa kupokea, pamoja na tarehe, urudi nayo nyumbani. Akikataa kusaini, ipige picha umtumie kwa simu yake, na usifute ujumbe huo.

Usiende peke yako kama mnaweza kwenda watano. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, barua ipitie huko: TPAWU kwa mashamba, yakiwemo ya chai, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, TUICO kwa viwanda na biashara. Meneja anayempuuza binti mmoja wa kaunta hampuuzi kirahisi katibu wa tawi.

Na jambo moja nalisisitiza kwa sababu nimeona limewaponza watu: usiizibe kamera kwa gundi, usiigeuze, usichomoe waya. Hata kama imewekwa vibaya, ukiigusa wewe ndiye utakayeandikiwa barua.

Ukituhumiwa kwa picha

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo watu wanapopoteza kazi.

Kijana niliyemtaja alikuwa mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya. Siku ya kuhesabu mali, makopo ya rangi yakaonekana pungufu. Meneja akafungua mashine, akamkuta anatoka stoo na katoni begani. Saa iliyo pembeni ya picha ilisoma 20:10, yaani saa mbili na dakika kumi usiku, na duka hufungwa saa kumi na mbili jioni. Asubuhi akapewa barua ya kujieleza, mchana akaitwa kwenye kikao, jioni akapewa barua ya kuachishwa kazi. Yote ndani ya siku moja. Wiki ya tatu akaja nyumbani kwangu Uyole. Namba yangu ya simu aliipata kwenye stika niliyoibandika kwenye mashine.

Nilimwomba anionyeshe hiyo picha. Video hakuwa nayo, alikuwa na picha ya skrini ambayo meneja aliipiga kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Niliitazama mara moja tu nikajua. Picha ilikuwa ya rangi. Stoo ile haina dirisha. Mwanga pekee unaoingia ni wa mlangoni. Saa mbili usiku, taa zimezimwa na duka limefungwa, kamera ya aina ile huwasha zile taa zake za gizani na picha huwa nyeusi na nyeupe. Kopo la rangi ya bluu lisingeonekana bluu.

Nikampigia meneja. Akakiri kwamba siku chache kabla ya hapo alisahau paswedi, akaomba mtu airudishe mashine ilivyotoka kiwandani. Mashine hizi nyingi hutengenezwa China, na zikirudishwa hivyo bila mtu kupanga upya ukanda wa saa, huonyesha saa ya kwao, ambayo iko mbele yetu kwa saa tano kamili. Toa tano kwenye 20:10 unapata 15:10: saa tisa na dakika kumi alasiri, duka limejaa wateja, kijana anatoa mzigo wenye ankara.

Video yenyewe ingemwokoa siku ileile, lakini ilishafutika. Kamera moja ya ubora wa kawaida, ikirekodi mfululizo, hula takriban gigabaiti 20 kwa siku. Duka lile lina kamera nane na diski ya terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu moja hivi, kwa hiyo linabeba siku tano au sita tu, kisha mashine inaandika juu ya picha za zamani bila kumuuliza mtu. Kamera nne kwenye diski kama hiyo zinafika siku kumi na moja hivi. Mfanyakazi anapohangaika kutafuta nauli na ushauri, ushahidi wake unaliwa kila usiku.

Kwa hiyo, siku ileile unapopewa barua ya kujieleza, kabla hata hujaijibu, andika barua nyingine ya mistari michache ukiomba video ihifadhiwe. Taja tarehe, taja kamera, na uombe nusu saa kabla ya tukio na nusu saa baada yake. Sekunde ishirini zilizokatwa zinaweza kumfanya mtu yeyote aonekane mwizi. Omba faili halisi ihamishiwe kwenye flashi kutoka ndani ya mashine. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haitoshi. Omba pia kuonyeshwa skrini ya mashine ikiwa inasoma saa ya sasa, uilinganishe na simu yako mbele ya shahidi, na uandike tofauti uliyoiona. Kama kumbukumbu zako za saa ni za Kiswahili, zigeuze pole pole. Nimeona mtu akikubali "saa 11" ya kwenye mashine akidhani ni saa kumi na moja jioni, kumbe mashine ilimaanisha saa tano asubuhi.

Kikao cha nidhamu kina taratibu zake. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinataka upewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na uruhusiwe kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Kwa yule kijana kikao kilikuwa na kasoro hata kabla ya kufika kwenye picha. Video ikionyeshwa, omba iendeshwe yote, uulize iliyobaki iko wapi, na hoja zako ziandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla hujasaini. Usisaini ukurasa ambao hujausoma. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka ushahidi wa aina hii upimwe kwa kuaminika kwa namna ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na mashine yenye saa iliyopotoka ina la kujibu hapo.

Ukiachishwa, una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa Fomu Na. 1. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki, kwa sababu halali na utaratibu sahihi. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hapati kinga hii ya kuachishwa isivyo haki, na afadhali alijue hilo mapema.

Yule kijana alifungua shauri zikiwa zimebaki siku chache. Niliandika kurasa mbili kueleza habari ya saa na rangi, nikaambatanisha ile picha ya WhatsApp. Walimalizana kwenye usuluhishi, akalipwa. Kazini hakurudi. Hakutaka tena kuwatazama wale watu usoni, na namwelewa.

Simu ya bosi na picha za kwenye makundi

Siku hizi wanaorekodi si mashine za ukutani peke yake. Meneja anapita na simu akiwarekodi wahudumu kwa ajili ya tangazo, mgeni wa kampuni anawapiga picha wachuma chai Mufindi wakiwa na vikapu mgongoni, na picha zinaishia mahali ambapo wenyewe hawatafika kuziona. Kufanya kazi kwa mtu hakumaanishi umemuuzia uso wako. Uliza picha inakwenda wapi, na kama hutaki, sema mapema na ulithibitishe kwa ujumbe wa maandishi. Kama umekubali, ridhaa yako iwe ya tangazo hilo ulilotajiwa.

Kurusha kwenye kundi picha ya mtu anayetuhumiwa, na maneno "mwizi huyu hapa", ni jambo zito. Aliyefanyiwa hivyo apige picha ya skrini ionyeshe jina la kundi, tarehe na aliyetuma, halafu alalamike kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ina mamlaka ya kuchunguza na kutoza faini. Na wewe usisambaze video ya kazini uliyoipata, hata kama inakutetea. Ipeleke kwenye kikao au CMA.

Mahali ambapo hakuna maelezo yanayotosha

Chooni, bafuni, chumba cha kubadilishia nguo, chumba cha mama kunyonyesha au kukamulia maziwa. Hakuna upotevu wa shuka au sabuni unaohalalisha kamera humo. Ukiikuta, usiiguse. Muite mwenzako mmoja au wawili waione, piga picha inayoonyesha ilipo bila mtu yeyote ndani, na mtoke. Toeni taarifa ya maandishi kwa mwajiri siku hiyohiyo, na kama ilikuwa imefichwa nendeni polisi moja kwa moja.

Miaka saba iliyopita, katika nyumba ya wageni kwenye barabara ya kwenda Tukuyu, niliambiwa nifunge kamera "stoo ya mashuka". Palikuwa na rafu za mashuka, kweli. Palikuwa pia na misumari mitano ukutani yenye kanga na sweta, maana kule Juni baridi haina mchezo, na mimi sikujiuliza zile nguo ni za nani. Nilifunga, nikalipwa, nikaondoka.

Baada ya siku nne nilipigiwa simu na mama mtu mzima, mpishi wa pale. Hakunifokea. Aliniambia: "Mwanangu, pale ndipo tunapovulia nguo zetu na kuvaa sare. Wewe una dada?" Nikapanda gari asubuhi yake. Mwenye nyumba alikuwa safarini, nikampigia na kumwambia naiondoa, na fedha yake nitamrudishia, na nikamrudishia. Nilifuta mbele ya mama yule kila kilichorekodiwa na kamera ile kwenye mashine, nikamwonyesha skrini tupu. Kisha nikaomba saruji kidogo kwa mafundi waliokuwa wanajenga uzio, nikaliziba tundu la waya, nikasubiri likauke ndipo nikaaga.